Masikio Nayo Yana Umri

Makala haya yalisomwa redioni katika mazungumzo ya juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia, na wale walioyasikia wakaomba kuyasoma.



Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani, nimejilaza sebuleni baada ya zamu ya usiku. Binti yangu, ambaye ana miaka 15, alikuwa uani anafua, na simu yake ameitumbukiza ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke kwa nguvu. Simu ilikuwa inapiga singeli. Wanaoifahamu singeli wanajua kwamba si muziki wa kumbembelezea mtu usingizi. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na mwimbaji hukimbizana nayo kana kwamba treni inamwacha. Nilivumilia nyimbo mbili. Ya tatu ilipoanza nikapaza sauti dirishani: "Hebu zima makelele hayo! Huo nao ni muziki?"

Simu ikazimwa, kukawa kimya. Ndipo baba yangu mzazi, ambaye siku hizi anaishi nasi na alikuwa ameketi barazani na kikombe chake cha chai, aliposema pasipo kunigeukia: "Maneno hayo nimewahi kuyasikia." Akanywa chai kidogo, kisha akaongeza: "Tena aliyeyasema nilikuwa mimi."

Nilicheka, lakini usingizi ulikatika. Kwa maana mzee alikuwa anasema kweli, na maneno hayo alikuwa ameniambia mimi.

Ilikuwa mwaka 1995, nami nikiwa na umri huo huo wa binti yangu. Tulikuwa tunaishi Temeke, Dar es Salaam. Vituo vya redio vya watu binafsi vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia, na kwa sisi wa Bara tuliozaliwa tukaikuta redio moja tu, ile ya taifa, jambo hilo lilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Usiku tulisikia muziki wa kufokafoka, kama ulivyoitwa wakati huo, wa Wamarekani na wa vijana wetu waliokuwa wanaanza kufoka kwa Kiswahili. Nilitaka kuurekodi. Kanda tupu ilikuwa inauzwa, na mfukoni sikuwa na kitu.

Baba alikuwa na kanda zake kwenye boksi la viatu. Nikachukua mojawapo, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: "Marijani". Nilijua ni ya Marijani Rajabu na bendi yake ya Dar International, muziki wa wazee. Baba alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya nyuma ili kanda isiweze kurekodiwa tena. Nikaziba matundu kwa karatasi na gundi, kama tulivyofundishana shuleni, nikarekodi juu yake pande zote mbili.

Jumapili baba aliweka kanda yake. Akasikia kufokafoka. Aliuacha upige kama dakika moja, akabonyeza kitufe cha kuzima, akasema: "Huo nao ni muziki?" Hakunichapa. Alirudisha kanda kwenye boksi, na sikumwona akiligusa tena boksi lile. Marijani mwenyewe alikuwa amefariki dunia mwaka huo huo.

Basi, ndugu msikilizaji, leo nataka tujiulize: mapenzi ya muziki hutoka wapi, na kwa nini hubadilika? Kwa nini wimbo ambao jana ulikutoa machozi leo unaupita kama hujausikia, na ule uliouita kelele unajikuta unauimba ukiwa jikoni?

Sababu ya kwanza ni umri. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia watu 108, wadogo wakiwa na miaka 16 na wazee 86. Waliwasikilizisha vipande vya nyimbo 28 zilizovuma kati ya mwaka 1932 na 1986, kila mmoja akaeleza ni kwa kiasi gani anazipenda. Watafiti hao wakalinganisha majibu na umri aliokuwa nao msikilizaji wakati wimbo ulipotoka. Walikuta kwamba kilele cha mapenzi kilikuwa kwenye umri wa miaka 24 hivi.

Hebu tufanye hesabu hiyo nyumbani kwangu. Baba alizaliwa mwaka 1955. Miaka 24 kwake ni mwaka 1979, wakati Mlimani Park ina mwaka mmoja tangu kuundwa, na Marijani anatikisa jiji. Mimi nilizaliwa mwaka 1980. Miaka 24 kwangu ni mwaka 2004, enzi za kina Profesa Jay, Juma Nature na Lady Jaydee. Kila mmoja wetu anaapa kwamba muziki ulikuwa bora kabisa katika miaka fulani, na kumbe miaka hiyo ndiyo ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa kijana. Fanya na wewe hesabu yako kimya kimya. Usishangae ikikupata.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu ujana ni wakati wa mambo ya kwanza. Mshahara wa kwanza, mchumba wa kwanza, safari ya kwanza ya kuondoka kwa wazazi. Mambo hayo hujichora kwa nguvu katika kumbukumbu, na wimbo uliokuwa unapigwa siku hiyo hujichora pamoja nayo. Miaka arobaini baadaye ukipigwa, mtu hasikii gitaa peke yake. Anasikia na siku ile yote.

Sababu ya pili ni mazoea. Mwaka 1968 mtaalamu wa elimu ya nafsi, Robert Zajonc, alionyesha kwamba mtu huweza kukipenda kitu kwa sababu tu amekutana nacho mara nyingi. Sisi watangazaji hatukuhitaji kusoma vitabu ili kulijua hilo. Unapiga wimbo mpya Jumatatu, watu wanalalamika. Juma la pili wananyamaza. Juma la tatu wale wale waliolalamika wanaleta ujumbe: "Tupigieni ule wimbo." Lakini ukiendelea kuupiga asubuhi, mchana na usiku, juma la kumi wanakuambia umechuja. Mtaalamu mwingine, Daniel Berlyne, alilieleza hilo kama kupanda na kushuka kwa mlima: kitu kigeni kabisa hatukipendi, kikizoeleka kiasi tunakipenda, kikizoeleka mno kinatuchosha.

Siri yake imo ubongoni. Mwaka 2011 watafiti wa mjini Montreal, Canada, walionyesha kwamba mtu anapofika kwenye kipande cha muziki kinachomsisimua, ubongo wake hutoa kemikali iitwayo dopamini, ile ile inayohusika na raha ya chakula kitamu. Tena msisimko huanza hata kabla ya kipande chenyewe kufika, wakati mtu anakingoja. Yaani anayesikiliza muziki anabashiri. Anajua kibwagizo kinakuja, kikija anafurahi. Ukimpa muziki ambao hajui ujao ni upi, hana cha kungoja, na kwake hizo ni kelele. Ukimpa ule ambao ameshaumaliza kuubashiri wote, umechuja.

Hata kile tunachokiita sauti zinazopatana na sauti zinazogongana, sehemu kubwa yake tumefundishwa. Mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa juu ya watu wa jamii ya Tsimane' wanaoishi msituni nchini Bolivia, ambao hawakuwa wamezoea muziki wa kizungu. Walisikilizishwa sauti ambazo mzungu huziita tamu na zile anazoziita za kukwaruza. Wao waliona zote ni sawa. Kwa hiyo tunaposema "sikio langu halikubali", tuongeze: halijafundishwa, au lilifundishwa vingine.

Sababu ya tatu ni watu tunaoishi nao. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka ushindani wa Sikinde na Msondo. Ulikuwa kama ushabiki wa Simba na Yanga. Mtu hakukaa kupima magitaa ndipo achague. Alikuwa Sikinde kwa sababu kaka yake alikuwa Sikinde, au kwa sababu rafiki zake walikuwa wanakwenda DDC Kariakoo. Na hata wanamuziki wenyewe walihama. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba Msondo ilipokuwa ikiitwa NUTA Jazz, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park mwaka 1978, kisha akaenda Safari Sound. Mashabiki wake wengine walihama naye, na masikio yao yakahama pia.

Mtu huoa au huolewa kwenye nyumba ya taarabu, akajikuta baada ya miaka mitano anajua mafumbo yote. Mwingine huokoka, akaacha dansi. Remmy Ongala, ambaye nyimbo zake za dansi zilimfikisha hadi Ulaya, aliyamaliza maisha yake mwaka 2010 akiwa mwimbaji wa nyimbo za Injili. Hakuna aliyemwambia kwamba gitaa la zamani lilikuwa baya. Maisha yake yalikuwa yamegeuka, na muziki ukageuka nayo.

Sababu ya nne ni mwili na nafasi. Kadiri tunavyozeeka, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na hupata shida kutenganisha sauti nyingi zinazokuja kwa pamoja. Muziki wa kasi wenye vinanda vikali humwumiza mzee kwelikweli, hasingizii. Tena kuna suala la nafasi. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2013, uliohusu zaidi ya watu 250,000, ulionyesha kwamba vijana huupa muziki uzito mkubwa zaidi na muda mwingi zaidi kuliko watu wazima. Si ajabu. Kijana anautumia muziki kujitambulisha kwamba yeye ni nani. Mtu mzima anatambulishwa na watoto wake, kazi yake na madeni yake.

Sasa, ndugu msikilizaji, utauliza: yote haya yana faida gani? Faida yake ni hii. Kama mapenzi ya muziki hujengwa na umri, mazoea, watu na mwili, basi mtu anaposema "muziki wa siku hizi haufai", mara nyingi anatueleza habari za ujana wake. Hilo si kosa. Kosa huanza pale mtu huyo anapokuwa na mamlaka, akayafanya masikio yake kuwa sheria kwa wengine.

Tuangalie nyuma kidogo. Ngoma ya beni ilipoenea pwani ikiiga bendi za kijeshi za wakoloni, wamisionari waliilaumu. Dansi, ambalo baba yangu analiona kuwa ndio muziki wetu wa asili, lilinyonyeshwa na santuri za rumba ya Cuba zilizoanza kuletwa Afrika mwaka 1933, zikiwa na herufi GV. Babu yangu, aliyekuwa mtu wa ngoma, aliliita dansi muziki wa walevi. Mwaka 1969 viongozi wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul. Kule Kinshasa mwaka 1978 Franco alitiwa gerezani kwa ajili ya nyimbo zilizoitwa chafu, na mwaka 2021 rumba hiyo hiyo ya Kongo ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Na kufokafoka kwetu, tulikoambiwa ni uhuni? Bwana Joseph Mbilinyi, tuliyemjua kwa jina la Mr. II, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Mwenzake Profesa Jay akachaguliwa Mikumi mwaka 2015.

Singeli nayo ina ukoo. Inatokana na mchiriku, ule muziki wa vinanda vidogo vya Casio uliokuwa unapigwa kwenye harusi na shughuli za uswahilini, na mchiriku nao una damu ya ngoma za Wazaramo. Kwa hiyo kilichokuwa kinapiga ndani ya sufuria uani kwangu ni mjukuu wa ngoma za pwani. Mimi niliyekulia Temeke, na kazi yangu ni redio, nilikuwa nakiita makelele.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila wimbo ni mzuri, wala kwamba mzazi akae kimya mtoto anapoimba matusi. Maneno yapimwe kama maneno mengine yoyote: yana ukweli? yanamdhalilisha mtu? Hayo tuyakemee, yawe ya singeli, ya dansi au ya taarabu, maana hata katika nyimbo tulizozipenda sisi yamo mengi ya kumdharau mwanamke ambayo hatukuyasikia kwa sababu gitaa lilikuwa tamu. Ninachosema ni kwamba "sijauzoea" na "haufai" ni mambo mawili mbalimbali, na mtu mzima anapaswa kujua ni lipi kati ya hayo analolisema.

Hata sisi watangazaji hatuna budi kujitazama. Tunaochagua nyimbo za kupigwa redioni wengi wetu tumefika miaka arobaini na zaidi. Tukiita vipindi vyetu "muziki bora" tukamaanisha muziki wa ujana wetu, tunawafungia vijana mlango tuliofunguliwa sisi mwaka 1994.

Sasa niwarudishe kwenye ile kanda.

Mwaka juzi nilikuwa napekua maktaba ya nyimbo kazini, nikakutana na ule wimbo wa Marijani, "Zuwena". Nikasema, leo nalipa deni. Nikauweka kwenye simu, nikampelekea baba. Aliinamisha sikio lake lililo zima, akasikiliza hadi mwisho. Nikangoja anishukuru. Akasema: "Ndio wenyewe. Lakini sauti ya mama yako haimo."

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza kwamba zamani, kabla hawajawa na uwezo wa kununua redio kaseti, aliazima ya jirani, akaiweka mbele ya redio yake kubwa ya mbao, akarekodi hivyo hivyo, bila waya, na kila mtu ndani ya nyumba akaambiwa anyamaze. Wimbo ulipokaribia kwisha mama akasahau, akaita kutoka jikoni kwamba chakula tayari. Baba alikasirika siku ile kwa sababu rekodi imeharibika. Mama yetu alifariki mwaka 1989, nikiwa na miaka tisa. Baada ya hapo, kwenye kanda ile baba alikuwa hasikilizi kitu kingine zaidi ya pale mwisho.

Mimi sikulijua hilo, kwa sababu sikuwahi kuisikiliza kanda ile hata mara moja hadi mwisho. Ulikuwa muziki wa wazee.

Tangu siku hiyo nimeusikiliza wimbo ule mara nyingi. Mwanzoni nilisikiliza kwa sababu ya majuto tu. Kama mara ya kumi hivi, lile gitaa la pili, ambalo nilikuwa silisikii kabisa, likajitokeza. Sasa naupenda, na najua sababu: ni mazoea, na ni mtu. Kitu kingine ni kwamba binti yangu anakijua kibwagizo chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza mwaka 2013 kwamba vijana hushikamana pia na nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana, kwa kuwa walizisikia nyumbani wakiwa wadogo. Huyu wangu ameruka hatua, amefika kwa babu.

Basi Jumamosi ile nilitoka nje, nikamwambia binti yangu: "Rudishia wimbo wako." Aliniangalia kama mtu anayetegwa. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na beseni, nikamwomba anieleze huyu anayeimba ni nani na anasema nini. Akanieleza, na kumbe kijana yule alikuwa anaimba habari za kodi ya chumba na mama mwenye nyumba. Nikamwomba aurudie. Mpaka leo nimeusikiliza mara sita. Sijaupenda bado, na sitawadanganya. Lakini mara ya sita nilianza kubashiri.

Ndugu msikilizaji, jioni moja ya juma hili jaribu nyumbani kwako. Kila mtu apige wimbo mmoja, mdogo kwa mkubwa, na wengine wote wausikilize hadi mwisho. Asilazimishwe mtu kuupenda.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.